Kitu cha kutafuna kwa mbwa: nilivyokipata machinjioni Mwanza

Mbwa kijana akikosa cha kutafuna hujitafutia mwenyewe. Wangu ni chotara wa jamani shepadi na mbwa wetu wa kienyeji, mkubwa, mwenye taya pana. Kandambili za nyumba nzima zilipokwisha alihamia kwenye mguu wa stuli ya jikoni, kisha kwenye kona ya mlango wa stoo. Watu walinishauri nimchape. Sikukubali, na mpaka leo sikubali, kwa sababu kutafuna kwa mbwa si utundu. Mnyama anayeshinda uani tangu asubuhi mpaka jioni anahitaji kazi ya mdomo ili atulie, na ni wajibu wa anayemfuga kumtafutia. Nilitaka kitu cha asili, kisichomdhuru, kinachodumu, tena kwa bei ninayoweza kuilipa wiki baada ya wiki.

Nilianzia kwa daktari wa mifugo. Siku hiyo alikuwa na mbwa wa mteja mwingine mezani, amelazwa kwa dawa ya usingizi, akaniita nione. Aliinua mdomo wa juu akanionyesha jino kubwa la shavuni. Ubavu wake mzima ulikuwa umebanduka kama kigae, na katikati palikuwa na kitone chekundu: kiini cha jino kiko wazi, penye damu na neva. Mwenye mbwa alikuwa akimpa mifupa ya paja la ng'ombe. Daktari akanieleza kwamba mbwa aliyekomaa ana meno 42, na hilo, gego dogo la nne la taya la juu, ndilo huvunjika mara nyingi kwa kuwa ndilo mbwa analotumia kukatia kila kitu kigumu. Gamba la nje la jino la mbwa ni jembamba kuliko letu. Akanipa kipimo ambacho nimekishika tangu hapo: bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha usipoacha alama yoyote, usimpe.

Kwa kipimo hicho, vitu vingi vinavyosifiwa kwa kudumu vilianguka. Mifupa mikubwa ya miguu, kwato, pembe, vyote ni vigumu kiasi cha kuvunja jino. Mifupa iliyopikwa ina ubaya wake wa ziada, maana moto huikausha ikawa inapasuka vipande vyenye ncha, na vipande hivyo hukwama kooni au kutoboa utumbo. Hilo halihusu mifupa ya kuku peke yake. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya mifupa iliyookwa na kufungashwa kama zawadi za mbwa. Ilikuwa imepokea taarifa zipatazo 68 za mbwa walioumia, na takriban mbwa 15 walikufa. Hiyo ni mifupa ya dukani, yenye lebo nzuri.

Dukani nilikuta pia ule mfupa mweupe uliofungwa fundo kila upande, ambao si mfupa bali ni ngozi ya ng'ombe. Hutengenezwa kwa tabaka la ndani la ngozi, linaloloweshwa kwenye chokaa ili manyoya yatoke, na mara nyingi huongezewa dawa ya kung'arisha. Unadumu kweli. Ila mbwa anayemeza kwa pupa hunyofoa pande zima lililolainika nje lakini gumu ndani, na likifika tumboni linafyonza maji na kuvimba. Nilimuuliza muuzaji ngozi ile imesafishwa kwa dawa gani, hakujua, na pakiti haikusema. Nikaurudisha rafuni.

Kwa kuendelea kuulizia na kupima nilifikia jambo ambalo sasa namwambia kila mwenye mbwa: kudumu na ugumu ni vitu viwili. Kitu kigumu huvunjika, ama chenyewe ama jino. Kinachodumu salama ni kile chenye nyuzi, kinachopinda na kuvutika, ambacho mbwa anakitafuna kwa muda mrefu na kinaondoka kidogokidogo. Kwenye ng'ombe, nyuzi hizo zipo tele, nyingine mahali ambapo watu hawazitaki.

Nikaenda machinjioni, upande wa Nyakato, asubuhi na mapema kabla bucha hazijachukua mzigo. Nilimsalimia mzee mmoja aliyekuwa akipasua shingo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nikukatie nini?"

"Natafuta ile sehemu wateja wanayoilalamikia kwamba haiivi."

Hakuuliza mara mbili. Aliingiza kisu juu ya pingili za shingo akavuta mshipa wa njano, mpana kama vidole viwili, mrefu kupita mkono wangu mpaka kiwiko. Akaniambia niushike ncha moja, yeye akashika nyingine, tukavuta. Ulinyooka, na tulipouachia ukarudi palepale. Huo ndio unaombeba ng'ombe kichwa siku nzima akiwa malishoni bila kuchoka. Kano za miguuni, zile za makongoro, ukizichemsha muda mrefu hugeuka ulaini unaonata midomoni. Huu wa njano hata ukeshe jikoni haulainiki, kwa kuwa umejengwa kwa protini ya aina nyingine, elastini, na ndiyo maana mabucha huutoa na kuutupa. Hauna mafuta mengi. Bei yake ni makubaliano tu, na ukiwa mteja wa kudumu utawekewa.

Mzee huyohuyo alinipatia uume wa dume la ng'ombe. Ughaibuni ni bidhaa inayosifiwa sana kwa kutafunwa na mbwa, tena kwa bei ya kutisha, ilhali ni msuli na nyuzi tupu zilizokaushwa. Ninaukubali, kwa tahadhari moja: ni chakula. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba inchi moja ya bidhaa hiyo ina kalori kati ya 9 na 22, na kati ya vipande 26 vilivyopimwa baadhi vilikuwa na bakteria wa kuhofiwa. Kwa hiyo siku akila kipande kirefu napunguza ugali wake wa jioni, na nikishamaliza kukishika nanawa kwa sabuni.

Koromeo la ng'ombe nalo hutafunwa na mbwa, ila lazima lisafishwe vizuri. Pembeni mwa koo kuna tezi ya thairoidi, nyama ya wekundu mzito, na mbwa akiila mara kwa mara homoni yake inamvuruga: anakunywa maji kupita kiasi, anakonda huku anakula, hatulii. Mwaka huohuo wa 2017 Marekani ilitoa tahadhari juu ya vyakula vya mbwa vilivyochanganyika nayo. Namwomba mchinjaji aikate mbele ya macho yangu.

Mapafu na maini mabichi sichukui kabisa, hata nikipewa bure, na hapa naomba nisikilizwe. Mifugo yetu hubeba malengelenge ya maji ya mnyoo tegu mdogo, na mara nyingi hukaa kwenye viungo hivyo viwili. Mbwa akila lengelenge bichi, tegu hukua utumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza uani anaweza kuyameza. Kwa binadamu lengelenge hukua miaka mingi ndani ya ini au pafu, na mara nyingi suluhisho huwa upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, wamepambana na ugonjwa huu kwa miongo, na kwetu upo kwa wafugaji wa Ngorongoro. Kwa hiyo nanunua kilichopita kwa mkaguzi wa nyama tu, kila kinachotoka machinjioni kinapita kwenye maji ya moto, na mbwa wanapewa dawa ya tegu, prazikwanteli, kwa ratiba ya daktari.

Ukaushaji wangu ni huu. Naparuza mafuta yote, naosha, kisha nachemsha kwa dakika kama kumi kwenye maji matupu, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Katazo la kupika linahusu mifupa. Nyuzi hazipasuki vipande. Baada ya hapo nazitandaza kwenye wavu wa oveni, moto mdogo kabisa, mlango nimeuachia upenyo, mpaka zikauke lakini ukizikunja bado zinapinda. Jua letu lingetosha kukausha, ila nzi hawangoji. Zikipoa naziweka kwenye friza, natoa kimoja kimoja. Harufu ipo, siwezi kuificha, kwa hiyo kazi hii naifanya majirani wakiwa makazini.

Kipande kwa mbwa wangu lazima kizidi upana wa mdomo wake kwa mbali. Simwachi ale peke yake. Mimi nipo karibu, nafua au nachambua mboga. Kikibaki kifupi kiasi cha kumezeka, nambadilishia kwa kiganja cha dagaa. Nilimfundisha neno "toa" kwa dagaa hizohizo, na sasa anakiachia kabla sijainama. Mshipa wa njano humchukua mchana mzima, akiulalia kwa miguu ya mbele na kuuvuta kwa meno ya pembeni. Stuli mpya ina miguu yote minne.

Kwa mbwa wadogo, na kwa siku ambazo machinjio hayana kitu, naenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kutafuta ngozi ya sangara. Naikwangua magamba, naikata mapezi, naisokota ikiwa mbichi na kuikausha hivyohivyo. Haidumu sana, ila mbwa wanaipenda mno. Mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu, siyagusi kwa sababu ya mifupa yake, na samaki wa chumvi pia hapana.

Jike langu la zamani meno yake yamelika, hawezi tena kushindana na mshipa. Yeye namnunulia matobolwa kwa kina mama wanaoyaleta kutoka vijijini, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa. Michembe, ambayo huanikwa mbichi, ni migumu mno kwake; ukucha wangu ulishaikataa. Matobolwa yanapinda. Anachukua kimoja, anakipeleka chini ya mwembe, na anakigeuza upande huu na upande huu kwa ulimi mpaka kilainike, ndipo aanze kula.