Nilivyotundika picha zangu saba kwenye uwanja wa kikapu

Picha ya kwanza niliyoipeleka uwanjani niliirudisha nyumbani siku ileile. Ilikuwa ya rangi ya mafuta, mchezaji ameruka kuwahi ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia na kurudi, na mbele ya dirisha langu niliiona ndiyo kazi yangu bora kuliko zote. Tulipoiegemeza ukutani, kwenye ushoroba unaopeleka watu majukwaani, taa za darini zikapiga kwenye vanishi na uso wa mchezaji ukapotea ndani ya mng'ao mweupe. Ukisogea kushoto unapata mkono, ukisogea kulia unapata kiatu. Mwenyewe humpati popote.

Iliniuma. Nilikuwa nimeahidi picha saba, na msimu ulibakiza miezi mitatu kuanza. Ile ya kwanza niliiokoa kwa vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, nikivuta brashi pana upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Zile sita nyingine niliamua kuzichora kwa akriliki, rangi ya maji inayokauka haraka. Rangi ya mafuta naipenda zaidi, lakini ikiwa nene inataka miezi sita au zaidi kabla ya kuipaka vanishi ya mwisho, na miezi hiyo sikuwa nayo.

Makubaliano na wenye uwanja tuliyamaliza haraka kwa maandishi: picha na hakimiliki ni zangu, bima ni yao. Sikuchora sura ya mchezaji yeyote anayejulikana wala nembo ya klabu, kwa sababu vyote viwili vinahitaji ruhusa.

Kazi yenyewe niliifanyia mazoezini. Nilikaa pembeni ya uwanja na vijiti vya mkaa, kila mchoro nikiupa nusu dakika, kwa kuwa mtu anayekimbia hakusubiri. Wiki mbili za mwanzo nilichora mipira na jezi, halafu nikagundua kwamba mchezo wote umo mikononi. Mtazame mtu anayepiga mtupo huru. Mpira unalala kwenye ncha za vidole na kiganja hakiugusi. Ukishaondoka, kifundo cha mkono kinalegea kama shingo ya bata aliyesinzia, na kidole cha shahada ndicho kinachouaga mpira mwisho. Kidole hicho kimoja nilikichora zaidi ya mara arobaini.

Aliyenisaidia kuelewa mwili unaokimbia ni Ernie Barnes, Mmarekani aliyecheza kandanda ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, kabla ya kuwa mchoraji, na aliyekuwa msanii rasmi wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Watu wake wana mikono na miguu mirefu kupita kiasi, wengi wamefumba macho, na bado unaamini kila msuli. Ile picha yake ya shambulizi la haraka ya mwaka 1987, aliyoagizwa na mmiliki wa Lakers, timu ya kikapu ya Los Angeles, niliitazama mpaka nikajua nani anamwegemea nani. Tangu hapo niliacha kupima miili kwa rula. Mchezaji wangu anayekimbia ana paja refu kuliko la binadamu yeyote, na ndiyo maana anakimbia.

Jambo jingine nililolipima upya ni macho ya mtazamaji. Kwenye jumba la sanaa mtu husimama. Hapa anapita na tiketi mkononi, anaogopa kukosa mwanzo wa mchezo. Kwa hiyo kila picha niliipiga kwa simu, nikaipunguza mpaka ikawa kama ukucha. Kama sikuweza kuona nani anafanya nini, niliifuta na kuanza upya. Mbili ziliangukia hapo.

Kutundika kulitaka keekee, pima maji na uvumilivu. Ukuta ni wa zege, na mashabiki wakianza kupiga miguu unatetemeka. Baada ya mechi ya tatu picha moja ilikuwa imeinama upande. Sasa kila moja ina kulabu mbili juu, vibano viwili vya skrubu chini, na vipande vya mpira nyuma ya fremu. Joto la umati nalo hulegeza turubai, kitambaa kilichochorwa picha, hivyo kila mwezi nagonga taratibu kabari za mbao zilizo kwenye pembe kwa nyuma mpaka likaze.

Picha ya saba ndiyo niliyoiwekea moyo. Ni kikapu kitupu, ringi ya sentimita 45 kama ile ya kweli, na niliitundika ili ringi iwe mita 3.05 kutoka sakafuni, urefu uleule wa uwanjani. Sikuweka maelezo yoyote pembeni. Watu walielewa wenyewe: watoto wanasimama chini yake na kuinua mikono, vijana wanarudi nyuma hatua tatu na kuruka.

Msimu ulipoisha nilipanda ngazi kuisafisha kwa kitambaa laini. Vanishi ilikuwa imejaa alama za vidole, nyingi zikiishia kwenye wavu, sentimita ishirini hivi chini ya ringi. Moja ilikuwa juu ya ringi yenyewe. Hiyo sikuifuta.