Upatu wa Mama ndani ya laptopu

Mama hucheza upatu na wenziwe 11 hapa Langoni, Lamu. Kila wiki wote 12 hutoa, mmoja hupokea. Nikataka kuuandika kama mkataba janja, yaani programu inayotekeleza makubaliano yenyewe kwenye mnyororo wa bloku (blockchain), kwa lugha ya Solidity, kwa kujifunza tu. Lakini kwenye Ethereum yenyewe, mnyororo wa umma, kila muamala una ada, na mkataba ukishapandishwa msimbo wake haurekebishwi. Nikaamua kuweka mnyororo wa majaribio kwenye laptopu yangu.

Nilianza na Node.js, inayoendesha programu za JavaScript, kisha Hardhat, zana ya kujaribia mikataba janja. Siku hiyo uwe na bando, maana hata kompaila ya Solidity, inayoutafsiri msimbo kwa mashine, huteremshwa mtandaoni. Baadaye sikuhitaji intaneti. Ukiandika npx hardhat node unapata akaunti 20, kila moja ina etha (sarafu ya Ethereum) 10,000. Mama akachungulia.

"Zote hizo zako, mwanangu?"

"Za mchezo, Mama."

Na funguo za siri za akaunti hizo ni zilezile kwa kila anayetumia Hardhat, kwa hiyo usithubutu kutia pesa halisi humo. Mkoba wa MetaMask, unaotuma miamala kutoka kwenye kivinjari, niliuelekeza 127.0.0.1 (laptopu yenyewe), lango 8545, namba ya mnyororo 31337.

Kilichonitesa ni umeme. Betri yangu imekufa zamani, hivyo stima ikipotea laptopu nayo inazima. Nilipowasha tena, kila muamala ulikataliwa. Jioni mbili nzima niliukagua msimbo wangu bure! Kumbe mnyororo huo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ukizima umeanza upya, na miamala ya akaunti inahesabiwa tena kutoka 0. Mkoba wangu ulikuwa bado unahesabu kutoka 14, namba hazikulingana. Dawa yake ni kuingia mipangilio ya MetaMask, ukafuta historia ya shughuli za akaunti, na kuupandisha mkataba upya.

Raha niliipata kwenye saa. Sikungoja wiki 12: amri ya evm_increaseTime husogeza saa ya mnyororo mbele kwa sekunde 604,800, kisha evm_mine ili bloku jipya (fungu la miamala) litoke, na wiki imepita. Wiki ya tano nikamfanya mmoja asitoe. Mkataba ukakwama, hakuna aliyepokea.

Nikamuuliza Mama wao hufanyaje.

"Twamngoja siku mbili tatu. Akizidi, twamwendea kwake."

Siku 3 za kungoja nimeziandika. Kumwendea nimemwachia yeye.