Siku ya Kuamkia Mkutano wa Wakuu wa SADC, kwa Macho ya Mtu wa Itifaki

Mtu wa itifaki akionekana kwenye televisheni huwa amesimama hatua moja nyuma ya rais, suti imenyooka, mkono unaonyesha njia. Kazi inayotangulia sekunde hizo haionyeshwi, nami nataka kuieleza kwa kufuata saa za Ijumaa ya tarehe 16 Agosti 2019, siku ya kuamkia Mkutano wa 39 wa Wakuu wa Nchi na Serikali wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) jijini Dar es Salaam.

Saa 11:00 alfajiri nilikuwa nimekwisha kukaguliwa na kuingia Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Nilianza na bendera. Nchi wanachama ni 16, na kila bendera ilinibidi niilinganishe na picha iliyoidhinishwa, kwa sababu ile ya Mauritius, kwa mfano, ina milia minne ya kulala, nyekundu juu na kijani chini, na fundi mwenye haraka anaweza kuipandisha kichwa chini bila yeyote kung'amua hadi ubalozi upige simu. Kisha vibao vya mezani: Eswatini ilibadili jina mwaka 2018, na kibao cha jina la zamani hakifai kuachwa hata stoo, maana ipo siku mtu atakitoa.

Saa 2:00 asubuhi, kikao cha kamati, chai na mihogo ya kuchemsha.

Saa 3:30 tulijaribu visikilizio kiti kwa kiti. Lugha rasmi zilikuwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili kilikuwa kinasubiri wakuu wenyewe wakipitishe kuwa cha nne katika mkutano huo huo, jambo walilolifanya. Wakalimani hukaa wawili wawili kibandani na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa kuwa akili ya mtu mmoja haistahimili zaidi ya hapo, ingawa wajumbe wengi hudhani sauti ile hutoka kwenye mashine.

Saa 5:00 akafika afisa wa msafara wa awali, yaani watu wanaotangulia kumwandalia kiongozi wao ziara, wa nchi ambayo sitaitaja. Alikuja na futi ya fundi cherehani mfukoni, akapima kimo cha kiti cha rais wake, akapima na cha jirani, akaandika. Baada ya hapo alitaka rais wake asogezwe karibu na mwenyekiti. Nikamweleza kwamba meza imepangwa kwa alfabeti ya majina ya nchi, utaratibu ambao kwa kawaida haumwachii mtu la kulalamikia. Yeye alilipata. Akahamia kwenye misafara: alitaka gari la rais wake liwe la mwisho kuwasili kabla ya mwenyeji, kwa kuwa katika itifaki mwenye cheo cha juu huingia mwisho na kuondoka kwanza. Kuna wafalme, kuna marais, na kuna nchi kama Lesotho na Mauritius ambako serikali huongozwa na waziri mkuu. Ukimsogeza mmoja umewagusa wote, na msafara mmoja ukichelewa, wa nyuma yake hauna budi kuzuiwa Barabara ya Nyerere juani, huku polisi wa usalama barabarani wakiuliza nani ametoa amri hiyo.

"Mheshimiwa, orodha imekwisha kusainiwa," nilimwambia.

"Basi nionyeshe aliyeisaini," akajibu, akavuta kiti akaketi.

Tulisubiri pamoja hadi adhuhuri ilipopita. Mkuu wangu alipofika alimwambia maneno yale yale niliyomwambia mimi, naye akashukuru sana, akatoa bahasha yenye maombi mapya ya vitambulisho, ambayo muda wake ulikuwa umepita.

Chakula nilikula nikiwa garini kuelekea uwanja wa ndege, wali uliopoa. Ndege moja ilikuwa inasogeza saa yake ya kutua kila tulipokunja na kukunjua zulia jekundu, na wacheza ngoma, waliokuwa wamevaa njuga tangu asubuhi, walijibanza kwenye kivuli cha gari la zimamoto. Niliwatafutia maji. Ilipotua hatimaye, ngoma ililia kwa dakika chache tu, wageni wakaingia magarini, na sisi tukabaki tunakunja zulia.

Jioni ilipita sijui vipi. Usiku tulikuwa tumepiga magoti ukumbini, tunabandika vikaratasi vya majina ya nchi sakafuni kwa ajili ya picha ya pamoja. Tulipokaribia kumaliza, ujumbe mmoja ukaarifu kwamba kiongozi wao hatakuja, atawakilishwa na waziri. Waziri hasimami safu ya mbele na wakuu wa nchi, kwa hiyo vikaratasi vyote vya upande ule vikabanduliwa na kupangwa upya, kila kimoja kikipimwa hatua ili pengo lisionekane kwenye picha. Saa 7:00 usiku ilikuwa imepita. Ratiba ilitutaka langoni saa 10:30 alfajiri, hivyo wenzangu wawili hawakwenda nyumbani kabisa. Walijinyoosha kwenye viti vya wajumbe, ambavyo vinakalika vizuri kuliko vyote tulivyo navyo ofisini.