Koma mbili, makontena kumi na mawili

Makontena yalikuwa 12, na mawili tu ndiyo yaliyokatwa sili, kile kifungo cha mlangoni. Mimi ni karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha huku Kurasini, na mteja wetu wa Lusaka nilimwandikia hivi: "The containers, which have broken seals, will remain at the port." Nusu saa haikuisha, simu ikalia. Mteja anahema: yote kumi na mawili yamefunguliwa? Bosi akaomba radhi, akakata simu, akanitazama bila kusema neno. Afadhali angenigombeza.

Jioni nikapanda daladala mpaka Temeke kwa shangazi, aliyefundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

Nikampa simu asome. Akacheka mpaka akavua miwani. Ukiyazungushia koma maneno "which have broken seals", akasema, hayo ni maelezo ya nyongeza tu, na yanayagusa makontena yote. Ukizitoa koma, maneno yaleyale yanachagua: yenye sili zilizokatwa ndiyo yanayobaki bandarini, mengine yaende zake. Kwenye kuchagua hata "that" inafaa, lakini katika maelezo ya nyongeza ya namna ile haiingii.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Alipopekua barua zangu nyingine akakuta ugonjwa wenyewe: "the cargo which we received it". Nikabisha. Si ndiyo mzigo ambao tuliupokea?

"Hiyo 'u' ya 'tuliupokea' ndiyo inayokuponza, mwanangu. Kiswahili kinairudia, Kiingereza hakirudii. 'Which' imeshaimeza 'it'."

Halafu akanionyesha "the customer who his goods are lost". Mteja ambaye mzigo wake umepotea, neno kwa neno! Hapo "who" na "his" zinaungana kuwa "whose", na "whose" haibagui, hata kontena linaichukua.

Dawa aliyonipa ni kuipasua sentensi iwe mbili. "This is the cargo. We received it." Futa "it", weka "which" baada ya "cargo", basi. Hata "which" yenyewe unaweza kuitoa ukabaki na "the cargo we received". Ila kwa dereva aliyekuja, "the driver who came", usiiguse "who", maana yeye ndiye mtendaji; ukiitoa, sentensi inaanguka.

Wiki tatu nilipasua sentensi ndani ya daladala, nyuma ya risiti, foleni ikiwa imesimama. "Whom" nimewaachia mawakili wa mahakamani, sisi wa mizigo haitusaidii kitu.

Juzi nikaandika tena Lusaka: "The container whose seal was broken has been inspected." Hakuna koma, hakuna "it". Nikaisoma mara tatu, nikatuma kwa mbwembwe. Jibu likaja maneno mawili: "Which one?"

Namba ya kontena nilisahau kuiandika.