Mpira wa regulata uwe na urefu gani? Shika kamba upime kwanza

Regulata ni kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya kupumua kutoka kwenye mtungi, na mipira yake ni mabomba laini yanayopitisha hewa hiyo. Nyingi huuzwa zikiwa na mipira ya urefu uleule. Unaokwenda mdomoni huwa na sentimita 75 hivi, wa regulata ya akiba (ya kumpa mwenzako akiishiwa hewa) sentimita 90 hadi 100, na wa geji ya presha ya mtungi sentimita 80 hadi 90. Vipimo hivyo vimekadiriwa kwa mtu wa kimo cha kawaida mwenye jaketi ya kuelea ya kawaida na mtungi mmoja mgongoni. Kama wewe ni mfupi, mrefu au mpana wa mabega, au umepanga vifaa vyako kwa namna nyingine, mipira hiyo haikukusudiwa wewe. Wapo wanaobadilisha kipande cha mdomoni mara tatu kwa sababu taya linauma, kumbe tatizo ni mpira mfupi unaovuta mdomo upande mmoja muda wote wa kuzamia.

Kabla ya kununua, pima kwa kamba. Vaa kila kitu: suti utakayoitumia, jaketi, na mtungi uliofungwa kwenye kimo chake cha siku zote, hatua ya kwanza ya regulata (kipande kinachofungwa kwenye mtungi na kupunguza presha) ikiwa juu yake. Mwenzako ashike ncha ya kamba kwenye tundu ambalo mpira utatokea, nawe uipitishe njia ileile itakayopitwa na mpira mpaka mdomoni. Sasa geuza kichwa kushoto hadi kikomo, kisha tazama juu. Mpira hutokea kulia, kwa hiyo kugeukia kushoto ndiko kunakoukaza zaidi. Kamba ikikaza, ongeza. Ikishakaa vizuri, weka alama, kisha uongeze sentimita 5, maana mpira ni mgumu kuliko kamba na unahitaji nafasi ya kupinda taratibu.

Mtungi ukishushwa sentimita 5 kwenye mkanda wake, kila mpira unaopita juu ya bega umepungukiwa sentimita 5 hivi, kwa hiyo ukifunga juu leo na chini kesho, kipimo chako hakina maana. Mwelekeo wa matundu ya hatua ya kwanza nao ni muhimu: tundu linalotazama kulia na lile linalotazama chini vinaweza kutofautiana kwa upana wa kiganja. Mara nyingi kuhamisha mpira tundu moja kunatosha, na hulazimiki kununua chochote. Ukinunua, uliza kama urefu ulioandikwa unahesabu vyuma vya nchani, kwa sababu watengenezaji hawapimi namna moja. Mingi huandikwa kwa inchi. Zidisha kwa 2.54 upate sentimita.

Mpira mrefu kupita kiasi nao una adhabu yake. Unajikunja kitanzi nje ya bega la kulia, maji yanausukuma, na kwenye mkondo mkali unaivuta regulata upande. Kitanzi hicho ndicho hunasa kwenye kamba ya nanga na kwenye matumbawe. Anayetaka mpira ukae karibu na mwili anaweza kutumia wa sentimita 100 unaopita chini ya kwapa la kulia, halafu unafika mdomoni kupitia elbo (kiungo cha kona) inayozunguka. Unakaa vizuri sana na taya linapumzika. Ila elbo huongeza oringi nyingine (pete ya raba ya kuzibia) inayoweza kuvuja, na baadhi hulegea zenyewe kwenye nati, kwa hiyo ishike uikague kabla ya kila mzamo.

Regulata ya akiba ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu urefu wake si kwa ajili yako bali kwa mtu aliyeishiwa hewa. Mpe mwenzako regulata yenye mpira wa sentimita 75 mkiwa mmetazamana, na mpira utalazimika kujipinda kwa nguvu ili umfikie. Akivuta kwa hofu, ni rahisi regulata imwingie mdomoni ikiwa imepinduka, vali ya kutolea hewa ikiwa juu. Pumzi ya kwanza itakuja na maji, na huyo ni mtu ambaye tayari ana woga. Sentimita 100 ndiyo ya chini ninayoikubali kwa akiba ya kawaida. Inawawezesha kupanda mkiwa mmeshikana, ingawa kuogelea mbali mkiwa hivyo bado ni taabu.

Ndiyo maana wengi tunapenda mpangilio wa mpira mrefu. Ulitoka kwa wazamiaji wa mapango ya Florida. Sheck Exley ndiye anayetajwa kuuanzisha, na mpangilio mzima wa vifaa ukabaki na jina la William Hogarth Main, naye mzamiaji wa mapango. Kwenye njia nyembamba ya pango watu wawili hawapiti sambamba, wanafuatana, kwa hiyo mpira unahitaji mita 2.1. Hapa unayemwokoa hupewa regulata iliyo mdomoni mwako, ambayo unajua inafanya kazi, nawe unachukua ya akiba inayoning'inia chini ya kidevu kwa elastiki.

Njia ya mpira wa mita 2.1 ni hii: kutoka hatua ya kwanza unashuka nyuma ya jaketi upande wa kulia, unapita chini ya betri ya taa iliyo kiunoni, unapanda kifuani kuelekea bega la kushoto, unazunguka shingo kwa nyuma, unaingia mdomoni kutoka kulia. Kama huna betri ya taa kiunoni, chomeka kipande kinachozidi chini ya mkanda, la sivyo kitaelea tumboni. Kwa maji ya wazi, mita 1.5 inatosha watu wengi: inapita chini ya kwapa, inavuka kifua na kuzunguka shingo bila kuchomekwa popote. Mtu mrefu mwenye kifua kipana ataiona inabana, basi achukue ndefu. Ya akiba ya kidevuni iwe sentimita 55 hadi 60. Ikikuponyoka mdomoni ukigeuza kichwa, ni fupi. Ikisimama kama sikio juu ya bega, ni ndefu.

Swali linaloulizwa sana: je, mpira mrefu hufanya kupumua kuwe kugumu? Hapana, si kwa kiasi utakachokihisi. Ndani yake kuna hewa yenye presha ya baa 9 hadi 10 juu ya presha ya maji, na regulata iliyotunzwa vizuri inalisha mita 2 bila shida.

Geji ya mtungi haina mengi. Ukiifunga kwenye pete ya kiunoni kushoto, sentimita 60 hutosha. Hakikisha ukiifungua inafika mbele ya barakoa. Ile ya sentimita 90 isiyofungwa popote ndiyo inayokwaruza matumbawe.

Mpira wa kujazia jaketi hupimwa vibaya mara kwa mara, kwa sababu watu huupima mkono ukiwa chini. Nyoosha bomba la jaketi juu ya kichwa kama unavyofanya unapotoa hewa, ndipo upime. Ukiwa mfupi utazuia bomba lisifike juu, au kiungo kitaachia wakati unashuka na kukihitaji. Kwa suti kavu (isiyoingiza maji), pima mpira wake wa hewa hadi kifuani ukiwa umevaa nguo zote za ndani.

Kuhusu aina, mipira ya kusukwa ni miepesi na inapinda kwa urahisi, ya raba ni mizito na haielei ovyo. Ya kusukwa ina jambo la kuangalia: tabaka la ndani la poliyurethani linaweza kuchakaa kwa joto na unyevu, likatoa chembe ngumu zinazoziba njia ya hewa, huku nje mpira ukionekana mpya. Usiihifadhi kwenye jua wala kwenye buti ya gari lenye joto. Ya raba huanza kupasuka pale inapokutana na chuma, na mara nyingi kifuniko cha plastiki kinaficha ufa na kutunza chumvi. Kisogeze, ukunje mpira kidogo, utazame. Ukiona nyufa au uvimbe, tupa.

Kufunga si kazi ngumu. Funga vali ya mtungi, bonyeza kitufe cha regulata hewa yote itoke, kisha iondoe regulata kwenye mtungi. Mipira mingi ya presha ya chini huchukua spana ya 14, ya geji 16. Spana malaya inakula kona za nati. Oringi za kawaida kwenye matundu ni namba 011 kwa presha ya chini na 012 kwa ya juu, yaani ya geji. Paka grisi kidogo, funga kwa vidole hadi mwisho, kisha kaza kidogo tu, nyutonimita 4 hadi 5. Oringi ndiyo inayoziba, nguvu hazisaidii, zinaharibu uzi. Kwenye regulata za kisasa aina hizo mbili za matundu zina uzi tofauti, kwa hiyo mpira usipoingia kwa vidole, au ukicheza tu bila kushika, simama. Huenda umeshika tundu lisilo lake.

Funga regulata kwenye mtungi, geuza uso wa geji mbali nawe na wengine, fungua vali polepole. Zamisha yote kwenye beseni na utazame viputo kwenye kila kiungo kwa dakika nzima. Kisha nenda maji ya kina cha mita 3 na mwenzako, mpe regulata ya akiba, mzunguke, mwogelee hatua chache, mgeuze vichwa pande zote. Mpira ukivuta hapo, rudi kwenye kamba na upime upya.