Kozi wa Amur na ndugu yake wa Ulaya

Mvua za vuli zimeshika huku Voi. Jioni ya leo kumbikumbi walipotoka tu ardhini, kozi wa Amur, ndege wadogo wawindaji, wakajaa angani. Nilimfuata dume mmoja kwa darubini: mgongo wa kijivu, mapaja rangi ya kutu, miguu ya machungwa, na kila akigeuka, weupe wa chini ya bawa ukiwaka. Alimdaka kumbikumbi kwa kucha, akainamisha kichwa akamla hukohuko juu, mbawa za mdudu zikabaki zikipeperuka.

Weupe huo ndio alama yake. Dume la kozi wa miguu myekundu, ndugu yake, ni jeusi hata chini ya bawa. Zamani wataalamu waliwahesabu spishi moja. Wa Amur huzaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na China. Mwenzake, kuanzia Ulaya ya Mashariki hadi Asia ya Kati. Wote hukimbilia kusini mwa Afrika majira ya baridi, ila wa Amur huvuka bahari kutoka India, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua.

Mwaka 2012, kwenye bwawa la Doyang huko Nagaland, India, kozi wa Amur walinaswa kwa nyavu za samaki, maelfu kila siku, wakauzwa kama kitoweo. Niliumia sana kuziona zile picha. Lakini wazee wa Pangti na vijiji jirani, pamoja na makanisa, walipiga marufuku, na 2013 hakunaswa hata mmoja. Mpaka leo nawaheshimu watu wale.

Ajabu ni kwamba Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inamtaja wa Amur kuwa hakabiliwi na tishio kubwa, na ndugu yake, ambaye hakupata mkasa wa namna ile, ndiye aliye kwenye kundi la walio hatarini. Yeye kaponzwa na mambo ya polepole: dawa za mashambani zinazomaliza wadudu, mbuga zinazolimwa, na viota. Hajengi chake, hurithi viota vya kunguru weusi. Hungaria kunguru hao waliuawa kwa risasi na sumu, kozi wakakosa pa kutagia. Sasa wahifadhi wanawafungia masanduku ya mbao mitini, na wengi wanazaliana humo.

Kozi wa Amur naye hutagia viota vilivyoachwa na jamii ya kunguru, na chakula chake ni wadudu walewale. Kwa hiyo hayo makundi makubwa ya Tsavo hayanitoi wasiwasi.