Nilivyoliachia bomba la shaba nafasi ya kutanuka

Malalamiko yalikuwa mawili. Alfajiri dari inalia ta-ta-ta kama kuna mtu anagonga kwa funguo, na kona ya bomba kwenye bafu la mwisho inavuja, inachomelewa, inavuja tena. Ni nyumba ya wageni Njiro, Arusha. Maji yanachemka kwenye boila ya kuni nyuma ya jiko, yanapita darini kwenye bomba la shaba la milimita 22. Kona ilishabadilishwa na mafundi waliotangulia, na mwenye nyumba alishaamini kwamba shaba yenyewe ni feki.

"Shikamoo mama. Kabla sijakata chochote, naomba nipande darini bomba likiwa la baridi."

"Marahaba. Panda mwanangu, ila kama ni panya, nilishatega, hamna."

Juu nikakuta kazi inayopendeza macho: bomba limenyooka mita 12, klipu za chuma zimekazwa kila baada ya hatua, na linapopenya ukuta limesilibwa saruji pande zote. Ugonjwa ulikuwa hapo hapo. Shaba hutanuka milimita 0.017 kwa kila mita moja, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Asubuhi ya Julai bomba lile linaamka na nyuzi kama 15. Boila ikishika moto, maji yanafika 70. Tofauti ni 55. Zidisha 0.017 kwa 12 kwa 55, unapata milimita 11 na ushee. Hizo lazima ziende mahali. Zikibanwa zinaisukuma kona, na bomba linapojinasua kwenye klipu moja baada ya nyingine ndipo sauti inapotoka.

Nilitaka mama aone mwenyewe. Nikalegeza klipu zote isipokuwa ya kwanza upande wa boila, nikatoa saruji kwa tindo, nikachora mstari wa penseli kwenye shaba, sawasawa na ukingo wa klipu ya mwisho. Tukafungulia maji moto. Mstari ukaanza kuiacha klipu polepole, ukaja kusimama karibu upana wa kidole kidogo. Mama alikuwa kwenye ngazi, kichwa ndani ya dari. "Kumbe linatembea!"

Baada ya hapo hakubisha gharama.

Bomba nililishika sehemu moja tu, katikati, kwa klempu iliyokazwa kabisa. Hivyo kila upande unabeba milimita 5 na nusu hivi, badala ya 11 zote kukimbilia kona moja. Kwingine nikaweka klipu za plastiki ambazo shaba inateleza ndani yake bila kelele. Penye ukuta nikapitisha kipande cha bomba la PVC lililo pana zaidi, shaba ikapita ndani, na nafasi iliyobaki nikajaza sponji.

Kona ndiyo iliyokula muda. Bomba lilipokunja kushuka bafuni, klipu ya kwanza ilikuwa sentimita 10 tu chini yake. Kipande kifupi namna hiyo hakipindi, kwa hiyo kiungo ndicho kinachobeba mzigo wote, kila siku, moto na baridi. Niliishusha klipu mpaka sentimita 70 kutoka kwenye kona, nikapanua mfereji wa ukutani ili kipande hicho kiweze kuyumba kidogo. Upande wa boila nikafanya vivyo hivyo.

Mama aliniuliza kwa nini tusing'oe shaba tuweke mabomba ya plastiki ya PPR, maana mjini wengi ndiyo wanayoweka. Nilimweleza kwamba PPR ya kawaida hutanuka karibu mara tisa ya shaba. Ni laini, haiumizi kona upesi, lakini darini ingejipinda vibaya isipoachiwa nafasi kubwa zaidi. Shaba yake ilikuwa nzima, sikuona sababu ya kuitupa.

Mfereji wa bafuni sikuupiga plasta. Niliufunika kwa ubao wenye skrubu mbili, kwa sababu saruji ikiingia tena pale, kona itavuja kabla ya msimu wa baridi unaofuata kwisha.